Vijana wa Lamu Wafundishwe Kuuliza na Kutaja Malipo ya Ziada kwa Kifaransa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilizungumzie jambo moja la biashara ambalo hapa Lamu tumeliacha lijiendee lenyewe kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wetu wanaohudumia wageni wa Kifaransa, pamoja na wale wanaoshughulika na wenzetu wa Ngazija huko Komoro, Mayotte, Burundi na Kongo, wamejifunza Kifaransa cha kumkaribisha mtu, cha kukisifia kitu na cha kutaja bei. Kifaransa cha kuuliza au kueleza malipo yanayokuja juu ya bei hiyo hawanacho. Mimi huweka hesabu za nyumba ya wageni na huwaandikia mafundi kadhaa barua zao za biashara, na kwa yale ninayoyaona kila msimu, hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea na hapo ndipo sifa ya mji inapoharibikia.

Nitaje jambo nililolishuhudia kwenye boti nikimsindikiza mgeni wetu uwanja wa ndege wa Manda. Ndani ya boti hiyo alikuwemo mama mmoja wa Kifaransa na wanawe wawili, na mizigo yao ilikuwa mingi. Bei walikuwa wamekubaliana na kijana wa boti tangu jana yake. Kabla hajatia mguu chomboni yule mama aliuliza kwa upole, "Tout est compris ?", yaani, je, kila kitu kimo ndani ya bei hiyo? Kijana akamjibu, "Oui, oui, madame," kwa uchangamfu mwingi, kwa kuwa ndilo neno alilokuwa nalo. Tulipofika ng'ambo akamweleza kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba kuna nyongeza ya mizigo na nyongeza ya safari ya alfajiri. Nyongeza zenyewe zilikuwa za haki, na mtu yeyote wa Lamu angezilipa bila kinyongo, maana chombo kikijaa masanduku hakina nafasi ya abiria mwingine. Lakini yule mama alikuwa ameuliza waziwazi na akajibiwa waziwazi. Alizitoa zile noti moja moja mbele ya wanawe, akamwekea kijana mkononi bila kumtazama, na ile shukrani ambayo wageni hupenda kuitoa wakati wa kuagana hakuitoa. Kijana naye alirudi amekasirika akilalamika kwamba Wafaransa ni wagumu wa kulipa. Kila mmoja aliondoka akimdhania mwenzake ubaya, na hapakuwa na mbaya.

Ili tumwelewe mgeni wa namna hiyo yafaa tujue desturi ya bei ilivyo kwao. Nchini Ufaransa, bei inayobandikwa mbele ya mnunuzi wa kawaida, iwe ya mkate au ya sahani ya samaki, lazima iwe ni ile atakayoilipa, kodi zote zikiwa zimo ndani. Herufi TTC zinazoandikwa kando ya bei hutangaza hilo: "toutes taxes comprises". Kwenye mikahawa, amri ya serikali ya mwaka 1987 iliagiza kwamba hata malipo ya huduma yaingizwe katika bei iliyoandikwa, na ndiyo maana chini ya orodha za vyakula vyao husomwa "service compris". Bakshishi anayoiacha mtu mezani ni hiari yake tu. Mtu aliyekulia katika mazoea hayo akitajiwa bei hudhani amesikia neno la mwisho. Kwetu sisi bei ni mwanzo wa mazungumzo, na huduma huhesabiwa kila moja peke yake: nyumba mbali, mpishi mbali, fedha za soko za mpishi mbali, boti mbali. Ankara ya hoteli nayo huweza kubeba VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ada ya utalii ya asilimia 2 na malipo ya huduma, na pale ambapo hayo hujumlishwa mwishoni, mgeni huwa ameshaishi wiki nzima na hesabu nyingine kichwani mwake.

Wala tusidhani kwamba Mfaransa hukataa ada yoyote inayokuja juu ya bei. Miji ya kwao imeruhusiwa kisheria tangu mwaka 1910 kumtoza mgeni kodi ya kulala, inayoitwa "taxe de séjour", na watu huilipa kila wanaposafiri ndani ya nchi yao wenyewe. Ukimwambia mapema kwamba safari ya Kiunga ina ada ya hifadhi ya bahari inayolipwa mbali na nauli ya boti, atauliza ni kiasi gani na inaingia mfuko wa nani, kisha atalipa. Kinachomkera ni kuambiwa akiwa tayari ameshuka majini.

Hapa nadhani tunayo mazoea yetu mazuri ambayo tumeshindwa tu kuyapeleka katika lugha nyingine. Mtu wa Kenya akitumiwa fedha kwa simu huuliza bila haya yoyote, "Umeweka na ya kutoa?", yaani ada ya kuzitolea fedha hizo. Hakuna anayemwona mlafi kwa kuuliza hivyo, na anayetuma hujibu ndiyo au la, na mambo huisha. Swali hilo hilo, la kujua nani atabeba gharama ya njiani, ndilo linalohitajika katika biashara ya Kifaransa, na maneno yake si mengi. Swali la kwanza ni "Y a-t-il des frais supplémentaires ?", yaani, je, kuna gharama za ziada? La pili, ambalo wengi hulisahau, ni "Ces frais sont à la charge de qui ?", yaani, gharama hizo zimo juu ya nani? La tatu hufunga hesabu: "Quel est le montant total, tous frais compris ?", nalo huomba jumla ya mwisho pamoja na gharama zote. Anayeyajua maswali haya matatu na akaweza kuyasikiliza majibu yake ana silaha ya kutosha katika duka, benki au ofisi ya uwakala.

Lakini asiyatupe hivi hivi. Kwa Wafaransa swali lisilotanguliwa na "Bonjour" ni utovu wa adabu, na neno la kumwita mteja ni "vous" hata kama ni kijana wa rika lako. Anayetaka kuuliza kwa ustaarabu zaidi, hasa kwenye barua, aandike "Pourriez-vous me préciser s'il y a d'autres frais ?", ambalo ni ombi la kufafanuliwa na halimshuku mtu. Nimeona barua ya namna hiyo ikijibiwa siku hiyo hiyo kwa orodha kamili ya makato, ilhali mwenzake aliyeandika swali kavu alinyamaziwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni kutaja, na nadhani ndio mzito zaidi kwa mji unaouza huduma. Kijana wa boti niliyemtaja angeokolewa na sentensi mbili: "Le prix ne comprend pas les bagages", bei haijumuishi mizigo, na "Il y a un supplément pour le départ très tôt", kuna nyongeza kwa safari ya mapema sana. Angezisema jana yake, wakati wa kukubaliana, mteja akiwa bado na uhuru wa kukubali, kukataa au kuomba apunguziwe. Dini yetu imeonya juu ya gharari katika mauzo, yaani biashara ambayo mmoja wa wahusika hajui anachokitoa au anachokipata, na sioni kwa nini onyo hilo limalizike pale ambapo mteja si mtu wa mtaani kwetu.

Sasa nije kwenye benki, kwa sababu huko hasara huwa kubwa na chanzo chake hakionekani. Seremala mmoja wa Langoni ambaye mimi humwandikia barua zake aliuza kasha la nakshi kwa mteja aliyeko Ufaransa kwa euro 1,200. Mteja alituma euro 1,200 kamili na akapiga picha karatasi ya benki kuthibitisha. Fedha zilipoingia hapa zilikuwa zimepungua, kiasi cha euro arubaini hivi. Seremala akaamini kwamba mteja amempunja. Mteja naye, alipoandikiwa, akaamini kwamba seremala anabuni visa ili aongezwe fedha, na mazungumzo yaliyoanza kwa kusifiana yakageuka ya kutuhumiana.

Kilichotokea ni kwamba fedha zinazotoka benki ya Ulaya kuja Kenya mara nyingi hazisafiri moja kwa moja. Hupitia benki ya katikati moja au zaidi, na kila moja huweza kukata ada yake njiani. Anayetuma hujaza fomu yenye herufi tatu zinazoamua nani atalipa: OUR, gharama zote ni za mtumaji, BEN, zote ni za mpokeaji, SHA, kila mmoja hulipa upande wake, na hapo makato ya benki za katikati huangukia kwa mpokeaji. Wafaransa huiita hiyo ya mwisho "frais partagés", gharama za kugawana, na mtu asiye mzoefu wa kutuma fedha nje ya Ulaya huichagua bila kufikiri, kwa kuwa baina ya nchi za kwao haimletei tatizo lolote. Mteja wa seremala alifanya hivyo kwa nia safi kabisa.

Dawa ni mstari mmoja katika ankara, uandikwe kabla fedha hazijatumwa: "Tous les frais bancaires sont à la charge de l'acheteur", gharama zote za benki ni za mnunuzi. Kama fundi anaona ni vyema wagawane, aandike hivyo, lakini kwa kujua, na bei yake aipange akijua. Pia aulize "À quel taux de change ?", kwa kiwango gani cha kubadilisha fedha, kwa sababu kiwango anachokisoma mtu kwenye simu yake sicho ambacho benki itamhesabia, na tofauti ya hivyo viwili ni gharama kamili ingawa haiandikwi popote kama gharama. Wakati mwingine huwepo pia "commission de change", ada ya kubadilisha yenyewe, inayokatwa mbali. Waliotangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na makato haya ni katika mali inayopotea hivyo.

Kasha lenyewe likishalipiwa lina safari yake, na safari hiyo ina gharama ambazo mnunuzi wa Kifaransa atamlaumu nazo fundi asipoambiwa. Makubaliano ya ushirikiano wa kiuchumi baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, yanaziruhusu bidhaa za Kenya kuingia huko bila ushuru wa forodha, mradi hati za kuthibitisha asili yake zipo. Watu husikia habari hiyo wakadhani kasha litafika bila malipo yoyote. Lakini kodi yao ya ongezeko la thamani, wanayoiita TVA, kwa kawaida ni asilimia 20, nayo hutozwa bidhaa inapoingia, tena hupigwa juu ya thamani ya kitu pamoja na gharama ya kukisafirisha. Juu ya hapo kampuni ya usafirishaji hudai "frais de dossier", malipo ya kushughulikia karatasi, na wakala wa forodha hudai yake ya "dédouanement", yaani ya kuutoa mzigo forodhani. Fundi wa Lamu hawezi kuzijua tarakimu zote hizo wala hatakiwi kuzijua. Anachotakiwa ni kusema mapema: "Les frais de port, de douane et la TVA ne sont pas compris", usafiri, forodha na kodi havimo katika bei yangu. Mteja akishasoma hivyo, mlango wa kulaumu umefungwa.

Iko pia habari ya fedha za kutanguliza, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu wapangishaji wa nyumba za Shela na mafundi wa milango wote huzipokea. Sisi husema arbuni au advansi, na kila mtu huelewa lake. Sheria ya Ufaransa inatofautisha vikali. Fedha zikiitwa "arrhes", mnunuzi anayejitoa huzipoteza, na muuzaji anayejitoa hurudisha mara mbili ya alichopokea. Kanuni ya Kiraia ya huko inasema hivyo katika kifungu chake cha 1590. Zikiitwa "acompte", ni sehemu ya kwanza ya malipo ya mkataba uliokwisha kufungwa, na hakuna kati yao aliye na uhuru wa kujitoa kwa kuziacha tu. Zikiitwa "dépôt de garantie" au "caution", ni amana ya kulinda vitu vya nyumba na hurudishwa mpangaji akiondoka bila kuharibu. Mfaransa akitoa theluthi ya kodi ya nyumba huku akiwaza "arrhes", na mwenye nyumba akizipokea huku akiwaza amana, au kinyume chake, ugomvi umeshaandaliwa na utangoja tu siku safari itakapoahirishwa. Swali la kuuliza ni fupi: "Ce sont des arrhes ou un acompte ?" Na kwa anayelipa: "Est-ce remboursable ?", je, zinarudishwa? Nawakumbusha ndugu zangu kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, kama walivyo wengi wa madhehebu mengine, hawakuiridhia biashara ya arbuni inayopotea, na wanaotaka kujiepusha nayo wana sababu kubwa zaidi ya kuandika wazi ni fedha gani wanazozipokea.

Kuhusu kadi nitasema machache. Tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya umewakataza wauzaji kumwongezea bei mlaji wa kawaida kwa sababu tu amelipa kwa kadi yake, kwa hiyo duka la hapa linalotaka asilimia kadhaa zaidi kwa kadi limwambie mgeni kabla hajaitoa. Na mashine ikimuuliza kama anataka kukatwa kwa euro au kwa shilingi, mwenye duka amwachie achague mwenyewe, maana ubadilishaji unaofanywa na mashine kwa kawaida humgharimu mwenye kadi zaidi.

Jambo jingine ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka mno ni namba. Sabini kwa Kifaransa cha Ufaransa ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na tisini ni "quatre-vingt-dix", nne mara ishirini na kumi. Anayesikia nusu ya kwanza akakimbilia kukubali amekubali bei isiyokuwepo. Mrundi au Mkongo atasema "septante" na "nonante" kama Wabelgiji walivyowaachia, na kijana aliyefundishwa na Mfaransa huenda asizitambue kabisa. Katika maandishi hali ni hiyo hiyo: sisi huandika 1,200 tukikusudia elfu moja na mia mbili, ilhali kwa Mfaransa mkato hutenga desimali na maelfu hutengwa kwa nafasi, hivyo yeye huandika 1 200,00. Hesabu yoyote ya fedha isikubaliwe kwa masikio peke yake. "Pouvez-vous l'écrire, s'il vous plaît ?", naomba uiandike, ni ombi ambalo hakuna mtu mwaminifu atakayelikataa, na likishaandikwa, sarafu yake nayo iandikwe kwa jina kamili.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa wageni wengi wa Kifaransa wanakijua. Wanakijua kwa mazungumzo ya chakula na bahari. Ikifika kwenye fedha mtu hurudi katika lugha aliyofundishiwa hesabu, na hilo ni kweli kwetu pia, maana sijaona wazee wa Lamu wakigawa mirathi kwa Kiingereza. Wengine watasema simu zina programu za kutafsiri. Zipo, na husaidia, lakini ukizipa neno pana huweza kukupa neno jingine. Nimeona tangazo la nyumba ya kupangisha ambalo lilikusudia kusema hakuna ada za ziada, likaandikwa "charges comprises", maneno ambayo kwa mpangaji wa Kifaransa humaanisha kwamba maji na matunzo ya nyumba yamo ndani ya kodi. Mpangaji akadai hayo, na alikuwa na haki kwa yaliyoandikwa.

Zaidi ya hayo, Kifaransa kwetu si lugha ya watalii peke yao. Tuna undugu wa karne nyingi na Wangazija. Habib Swaleh, aliyeuasisi msikiti wa Riyadha, alitoka Komoro, na mpaka leo wageni kutoka visiwa hivyo hufika kwa ajili ya Maulidi. Tunazungumza nao Kiswahili au Kiarabu tukiwa barazani, lakini karatasi za mizigo yao na za benki zao zimeandikwa kwa Kifaransa. Faranga yao imefungwa kwa euro, 491.96775 kwa euro moja, na Mayotte, iliyo jirani yao na ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011, hutumia euro yenyewe. Anayepeleka bidhaa huko atakutana na "frais de manutention", gharama za kupakia na kupakua, na "frais de magasinage", gharama za ghala, ambazo huongezeka kila siku mzigo unapolala bandarini. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 na Kongo tangu 2022, na bandari yetu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, imejengwa ili itumikie masoko ya mbali. Itakuwa ajabu vijana wa hapa hapa wakiajiriwa kubeba mizigo tu, na kazi za kusoma ankara zikachukuliwa na waliotoka kwingine.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kikundi cha manahodha na kila nyumba ya wageni iwe na karatasi moja ya bei iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, yenye sehemu mbili zilizo wazi: yaliyomo katika bei na yasiyokuwemo. Ibandikwe kwenye jeti, pale ambapo mtu huisoma kabla ya kuingia chomboni. Pili, vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo tayari vinawafundisha vijana useremala, upishi na utunzaji wa wageni, viongeze saa chache za Kifaransa cha fedha, kwa mazoezi ya kweli ya ankara na fomu za benki, wala si kwa kukariri vitenzi. Walimu wa Kifaransa wapo katika baadhi ya shule za sekondari za Kenya, na Mombasa kuna Alliance Française inayoweza kuombwa ushauri wa namna ya kuandaa somo hilo. Tatu, na hili nawaambia mafundi wa pwani wote, kila ankara inayokwenda ng'ambo ibebe ule mstari wa gharama za benki na ule wa usafiri na forodha. Wasioweza kuandika wawaombe wanaoweza; katika mji mdogo kama wetu msaada wa namna hii haukosekani.

Wakati mzuri wa kufanya kazi hiyo ni Mei na Juni, kusi ikiwa kali, boti zikiwa zimepandishwa pwani kukarabatiwa na nyumba nyingi za Shela zikiwa zimefungwa. Wageni huanza kurudi baadaye, na Wafaransa huonekana zaidi wakati wa likizo za Desemba na Februari, kwa hiyo karatasi zikiwa tayari kufikia Novemba tutakuwa hatujachelewa. Naiomba idara ya utalii ya kaunti na vyama vya manahodha vijibu kupitia ukurasa wako huu kama vitalichukua jambo hili. Mimi pamoja na wenzangu tunaoweka hesabu katika nyumba za wageni za Mkomani na Shela tuko tayari kuyatoa maneno tunayoyatumia na kuyapitia pamoja na mwalimu yeyote watakayemchagua.

Wako mwaminifu,

Mweka hesabu wa nyumba ya wageni,
Mkomani, Lamu.